Wajir, balasti ipimwe kwa mizani na kwa debe

Nchini Kenya balasti huuzwa kwa lori. Mnunuzi huulizwa kama anataka lori la tani 7 au tipa la tani 14, bei inapatanwa, na kabla ya jua kuzama shehena imekwisha kumwagwa kando ya msingi. Hizo tani ni jina la gari tu. Hakuna mizani iliyoguswa, na anayelipa hajui kama ameletewa tani 7, 6 au 5 na nusu. Nairobi, ambako machimbo ya Mlolongo na Athi River yanasaga jiwe gumu la volkano, desturi hii humlia mnunuzi pesa na madhara yakaishia mfukoni. Wajir hayaishii hapo. Huku kokoto nyepesi huenda pia ikawa kokoto dhaifu, na udhaifu huo unaingia kwenye linta ya darasa, slebu ya zahanati na ukuta wa berkadi, yaani hodhi la kuhifadhi maji. Ndiyo maana nashikilia kwamba serikali ya kaunti, kamati za shule na wakandarasi wanaojenga kwa pesa za umma Wajir wapokee balasti kwa vipimo viwili kwa pamoja, uzito na ujazo, na wakatae shehena ambayo uzito wake haulingani na ujazo wake kwa jiwe lililoagizwa.

Sababu ya kwanza iko ardhini. Ukitoka Mwingi kuelekea mashariki, miamba mikongwe inayoonekana Ukambani inazama chini ya mchanga, udongo na mashapo. Garissa na sehemu kubwa ya Wajir zimekaa juu ya mabonde ya kale yaliyojaa mashapo ya kina cha kilomita kadhaa. Ndiyo yaliyozivuta kampuni za mafuta kuchimba visima vya utafiti katika Beseni la Anza tangu miaka ya 1970. Kwa mtafuta mafuta, mashapo mengi ni tumaini. Kwa mjenzi ni taabu, maana jiwe gumu liko chini asikoweza kulifikia. Barabara ya kutoka Garissa kupitia Modogashe na Habaswein hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu kubwa yake ni tambarare tupu. Jiwe gumu linajitokeza tena upande wa magharibi, Isiolo, na kaskazini-magharibi, kuelekea Bute na Moyale, ambako nyanda zinaanza kupanda kwenda Ethiopia. Mji wa Wajir wenyewe umelala juu ya mawe machanga ya chokaa yaliyochanganyika na jasi. Mawe hayo si ya kudharauliwa. Ndani yake ndimo maji ya visima vifupi yalimotulia, maji yaliyowafanya wafugaji wa ngamia wakutane hapo tangu zamani na yaliyowavuta Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Mawe hayohayo ndiyo yaliyoupa mji kuta zake nyeupe, pamoja na jengo la kile kilabu cha mzaha ambacho maofisa wa kikoloni walikiita Royal Wajir Yacht Club, kilabu cha mashua mahali pasipo na bahari wala ziwa. Hakuna ubaya katika jiwe la Wajir. Ubaya unaanza linaposagwa, likaitwa balasti bila maelezo mengine, na likachanganywa na simiti kana kwamba ni sawa na jiwe la Isiolo.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye densiti, yaani uzito uliomo katika ujazo fulani. Lita moja ya maji ina kilo moja. Jiwe zima la granaiti lenye ukubwa huohuo lina kilo 2.65 hivi, na basalti hukaribia 2.9. Kalsiti, madini yanayounda jiwe la chokaa, ina 2.71, na jasi ina 2.3. Msomaji makini atauliza hapo hapo: kama kalsiti ni nzito kuliko granaiti, jiwe la chokaa lina kosa gani? Jibu ni matundu. Jiwe la chokaa lililoganda karibu na uso wa ardhi, bila kubanwa na mzigo wa miamba juu yake, limejaa vijitundu ambavyo jicho halivioni, na densiti ya mawe ya aina hiyo hushuka hadi 2.2, hadi 2, na pengine chini zaidi. Marumaru ni kalsiti hiyohiyo iliyobanwa na kuchomwa na joto la ardhini mpaka matundu yakaisha. Hata hapa Kaskazini Mashariki, mawe ya chokaa ya Mandera yana umri wa enzi ya Jurasi na hayawezi kuwekwa kapu moja na chokaa changa ya mjini Wajir. Kwa hiyo jina la jiwe halitoshi kulihukumu. Anayesema "chokaa yote ni mbovu" anakosea sawa na anayesema jiwe ni jiwe.

Rundo la balasti lina densiti nyingine tena, kwa sababu kati ya kokoto na kokoto kuna hewa. Mita moja ya ujazo ya balasti nzuri ya milimita 20, ikiwa kavu na haijashindiliwa, huwa na uzito wa tani 1.4 hadi 1.6, ingawa jiwe lenyewe ni 2.65. Maana yake ni kwamba asilimia 40 na zaidi ya rundo ni nafasi tupu, na nafasi hiyo ndiyo fundi anayoijaza kwa mchanga na simiti. Balasti ya jiwe laini lenye matundu inaweza kuwa tani 1.2 tu kwa ujazo huohuo. Chukua bodi ya lori inayobeba mita 5 za ujazo: ikijazwa jiwe gumu inapakia kama tani 7 na robo, ikijazwa jiwe laini inapakia tani 6. Kwa macho malori hayo mawili yako sawasawa, na kwa desturi ya sasa yanalipwa sawasawa.

Huenda mtu akasema tani moja na robo ya mawe si hasara ya kuandikia makala gazetini. Lakini tazama kinachotokea kwenye karai. Mafundi wetu huchanganya zege kwa ujazo: simiti moja, mchanga mbili, balasti nne, kwa karai au kwa wilbaro. Jiwe lenye matundu linakunywa maji ya mchanganyiko. Fundi anaona zege limekauka na halimwagiki vizuri kati ya vyuma, kwa hiyo anaongeza maji, na kila lita inayozidi inaacha nafasi tupu ndani ya zege baada ya kukauka. Nguvu ya zege hutegemea sana uwiano wa maji na simiti. Maji yakipanda, nguvu inashuka, na hapo hatujagusa udhaifu wa jiwe lenyewe, ambalo likiwekewa mzigo mkubwa hupasuka kabla ya simiti inayolizunguka. Fundi mwangalifu atajaribu kuokoa kazi kwa kuongeza simiti. Simiti hiyo nayo imesafirishwa mamia ya kilomita kufika Wajir, na gharama ya usafiri huo imo ndani ya kila mfuko wa kilo 50. Balasti ya bei nafuu inageuka kuwa zege la bei ghali, au zege bovu, na mara nyingine yote mawili. Kwenye hodhi la maji hasara inajitangaza yenyewe: zege lenye vijitundu halishiki maji, na katika kaunti ambayo berkadi ni tofauti ya kuhama na kubaki, ukuta unaovuja si suala la urembo.

Kisha kuna jasi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hatari kubwa kuliko matundu na ndiyo inayozungumzwa kidogo zaidi. Viwanda vya simiti vyenyewe husaga jasi kidogo pamoja na klinka ili simiti isigande upesi mno, na akiba kubwa za jasi za upande wa El Wak zimejulikana kwa miaka mingi. Kiasi hicho kidogo kimepimwa kiwandani. Kokoto za jasi zikiingia kwenye zege kupitia balasti, hakuna aliyezipima. Salfeti yake inayeyuka polepole kwenye unyevu na kuunda ndani ya simiti iliyokwisha kuganda fuwele zinazovimba, na zege linapasuka kutoka ndani, miezi au miaka baada ya mkandarasi kulipwa na kuondoka. Jasi ina densiti ya 2.3 dhidi ya 2.65 au 2.7 ya mawe yanayotakiwa, kwa hiyo shehena yenye jasi nyingi hujitokeza kwenye mizani. Hata bila mizani, ukucha wa kidole unaikwaruza jasi, ilhali kalsiti haikwaruzwi na ukucha. Hicho ni kipimo ambacho mwenyekiti wa kamati ya shule anaweza kukifanya akiwa amesimama kando ya lori, na hahitaji shahada.

Sasa, kwa nini vipimo viwili na si kimoja? Kwa sababu kila kipimo kikiachwa peke yake kina wizi wake. Ukilipa kwa safari, lori litapakia nusu na kufanya safari nyingi. Ukilipa kwa ujazo, utaletewa jiwe jepesi, lililomwagwa kwa namna ya kuvimbisha rundo, na bodi iliyozibwa kwa mbao ndani. Ukilipa kwa uzito, balasti itamwagiwa maji kabla ya safari, na jiwe laini, ambalo ndilo tusilolitaka, ndilo linalobeba maji mengi zaidi: jiwe gumu likilowekwa siku nzima huongeza chini ya asilimia 1 au 2 ya uzito wake, lakini chokaa yenye matundu inaweza kuongeza 10. Vumbi na udongo nao ni uzito; vinajaza nafasi kati ya kokoto na kulifanya debe kuwa zito, kisha vinazuia simiti isishike jiwe. Wakenya tulishawahi kupita njia hii kwenye viazi. Gunia la lumbesa lilikuwa kipimo cha macho, na kila mwaka kilele chake kilipanda juu kidogo, mpaka kanuni za viazi za 2019 zikasema gunia lisizidi kilo 50. Balasti inahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu kiazi kikiwa kizito ni chakula zaidi, lakini lori la balasti likiwa zito huenda ni maji na udongo. Uzito ukigawanywa kwa ujazo, muuzaji anabanwa kutoka pande zote mbili. Akipunguza jiwe, namba inashuka. Akiongeza maji au vumbi, namba inapanda kupita inavyowezekana kwa balasti safi.

Upande mwingine wa uzito ni barabara, na hapa Wajir ina la kulinda. Lami ya kwanza mjini ilikuja baada ya ugatuzi kuanza 2013, nusu karne baada ya uhuru, na sasa barabara ya Isiolo hadi Mandera kupitia Modogashe na Wajir, karibu kilomita 740, inajengwa, sehemu yake kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Barabara hiyo inahitaji balasti kwa wingi ambao kaunti haijawahi kuuona, na malori yanayoibeba yanapita juu ya vipande ambavyo vimekwisha kuwekwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti mizigo ya magari, ya 2013, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za tipa, jumla 26. Tipa lenye uzito wa tani 11 likiwa tupu linabaki na nafasi ya tani 15 za mzigo, sawa na mita 10 za ujazo za balasti nzuri. Mwenye gari akiinua mbao za bodi mpaka ikabeba mita 14, amepakia tani 21, na ekseli za nyuma zinabeba tani 24 badala ya 18. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli. Kwa hesabu hiyo, ekseli zilizozidishwa theluthi moja zinaichosha lami zaidi ya mara tatu. Tipa hilo linavunja kwa magurudumu linachojenga kwa mzigo wake. Nani angelijua bila kupima? Dereva mwenyewe anajua ujazo wa bodi yake tu.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wahandisi, nalo ni la haki: densiti si nguvu. Jiwe linaweza kuwa zito na bado likawa na nyufa, au likasagika kuwa vipande bapa kama vigae visivyokaa vizuri kwenye zege. Ndiyo maana maabara hupima jinsi balasti inavyopondwa chini ya mzigo na inavyochakaa ndani ya pipa linalozungushwa na mipira ya chuma. Sitaki densiti ichukue nafasi ya vipimo hivyo. Lakini tuulizane ni nani anayevifanya. Mkandarasi wa barabara kuu ana maabara uwanjani, ana mhandisi mshauri juu yake, na sampuli zinaweza kupelekwa mpaka idara ya upimaji wa vifaa ya wizara ya barabara, Nairobi. Darasa moja la shule ya msingi ya Eldas au Tarbaj linalojengwa kwa pesa za mfuko wa maendeleo wa maeneobunge, NG-CDF, halina hata kimoja cha hivyo. Kati ya maabara kamili na kutopima kabisa kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo ndiyo ninayotaka ijazwe. Kipimo cha densiti kitayaacha mawe mabovu machache yapite. Sasa hivi yanapita yote.

Nacho ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Debe la lita 20 liko kila mahali Wajir. Lijazwe balasti kavu, lisawazishwe kwa ubao, litundikwe kwenye mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza nyama, ila iwe ya kufikia kilo 50. Ukitoa uzito wa debe lenyewe, balasti nzuri itasoma kati ya kilo 28 na 32. Ikisoma 23 au 24, jiwe ni laini. Kisha mimina maji ndani ya debe hilohilo kwa chombo cha lita moja mpaka yafike ukingoni. Balasti safi itapokea lita 8 au 9. Ikipokea 5 tu na maji yakarudi yamechafuka, vumbi ni jingi. Ikiendelea kunywa baada ya kujaa, uso wa maji ukishuka wakati umesimama unatazama, ni jiwe linalofyonza. Anayetaka uhakika zaidi achukue kokoto kubwa kumi, azipime zikiwa kavu, kisha azipime zikiwa zimening'inia ndani ya ndoo ya maji. Uzito mkavu ukigawanywa kwa uzito uliopungua majini unatoa densiti ya jiwe lenyewe, kanuni ileile ya Arkimedi inayofundishwa katika shule za sekondari. Chini ya 2.5, balasti hiyo isiingie kwenye nguzo wala slebu mpaka maabara iseme vinginevyo. Mpaka huo wa 2.5 ni pendekezo langu, na wahandisi wa kaunti wana haki ya kuusogeza. Wasichokuwa na haki nacho ni kukosa mpaka wowote.

Pingamizi la pili ni la historia. Wajir ina majengo ya mawe ya hapahapa yaliyosimama tangu enzi za ukoloni, na pwani kuna ushahidi mkubwa zaidi: Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, na nyumba za Lamu na magofu ya Gede ni ya matumbawe na chokaa, mawe mepesi yaliyojaa matundu. Kama jiwe laini limevumilia mizinga ya Mombasa, kwa nini lisivumilie darasa? Kwa sababu kuta hizo ni nene, mzigo unazishuka wima, na jiwe laini linajua kubeba mzigo wa kukandamiza likiwa pana. Paa la nyumba ya Lamu lilikaa juu ya boriti za mikoko zilizowekwa karibu karibu, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti. Nguzo ya zege ya inchi 9 inayobeba ghorofa mbili ni kazi nyingine, na slebu inayovuka mita 4 ikishikiliwa na vyuma ni nyingine tena. Humo zege jembamba ndilo linalokilinda chuma kisipate kutu, na katika mji ambao maji ya visima vingi yana chumvi, zege lenye matundu ni mlango ulioachwa wazi. Waashi wa kale walilijua jiwe lao na wakajenga linavyotaka. Sisi tumechukua ramani ya jengo la Nairobi na kuijaza jiwe la Wajir.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na lisijibiwe kwa haraka. Kuna watu wanaoishi kwa kuchimba na kuponda mawe, kwa nyundo, juani, wengi wao wakiwa wamepoteza mifugo katika ukame mmoja au mwingine. Ukiweka mpaka wa densiti, umewanyang'anya soko na kulikabidhi kwa wenye malori ya Isiolo. Nadhani kinyume chake kinawezekana, kwa sharti kwamba kaunti iamue jiwe la hapa lifanye kazi gani badala ya kulilazimisha lifanye zote. Matofali ya mawe ya chokaa kwa kuta za ghorofa moja ni kazi yake halali, na chokaa ya kupaka pia. Kuna barabara vilevile. Botswana, nchi kavu iliyokosa mawe magumu katika eneo lake kubwa la Kalahari, imejenga barabara za lami nyembamba juu ya tabaka la kalkriti, jiwe la chokaa la jangwani lililo ndugu wa haya yetu, baada ya watafiti kukubali kwamba viwango vilivyoandikwa kwa nchi za mvua na magari mengi vilikuwa vikilikataa bila sababu. Barabara za vijijini za kaunti yenye zaidi ya kilomita mraba 55,000 na magari machache ni soko kubwa kuliko slebu zote za Wajir. Na humohumo katika machimbo ya chokaa kuna matabaka magumu na matabaka laini; bila kipimo, mponda mawe aliyechagua tabaka gumu, akatoka jasho mara mbili, analipwa sawa na aliyekwangua laini. Mizani ndiyo itakayompa bei yake.

Kuhusu gharama, sioni hoja ya kudumu. Debe na mizani ya kuning'iniza ni vitu vya bei ya mifuko michache ya simiti. Mizani ya ekseli inayobebeka, ile inayowekwa barabarani chini ya magurudumu, ni ghali, lakini kaunti inahitaji chache tu, kwenye njia za kuingia mjini Wajir na kwenye machimbo makubwa. Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti usimamizi wa barabara za kaunti na wa biashara ya haki, na kipimo cha balasti kinagusa yote mawili. Kinachonitia shaka zaidi ni nani atashika kalamu. Mpimaji mmoja aliyekaa peke yake na dereva kando ya barabara atazoeana naye. Afadhali kipimo kifanywe mahali shehena inaposhushwa, mbele ya fundi, mwakilishi wa kamati na dereva, na namba tatu ziandikwe kwenye risiti ileile ya malipo: ujazo wa bodi uliopimwa kwa futi kamba, kilo za debe, na lita za maji ambazo debe lilipokea. Risiti hizo zikikusanywa kwa mwaka mmoja, Wajir itakuwa na kitu ambacho sidhani kaunti nyingi zinacho, orodha ya machimbo yake yote na ubora wa jiwe la kila moja, iliyoandikwa na wajenzi wenyewe.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na hati za zabuni huandaliwa kuufuata. Jedwali la vipimo na gharama linaloandika "balasti, malori 12" libadilishwe liseme ni tani ngapi za balasti kavu ya ukubwa gani, yenye densiti ya jiwe isiyopungua ngapi, isiyo na jasi inayokwaruzwa kwa ukucha, na kwamba malipo yatafuata kipimo kidogo kati ya uzito na ujazo. Wakati wa mvua, kama zile zilizofunga barabara za Garissa, Wajir na Mandera mwishoni mwa 2023, debe moja likaushwe juu ya moto kwenye karai na kupimwa tena, ili maji yasilipiwe kwa bei ya jiwe. Shehena iliyokataliwa irudi kwa gharama ya aliyeileta, au inunuliwe kwa bei ya kifusi cha kujaza barabara ya mtaa, ikiwa msimamizi wa barabara ataikubali.